Ringi ya Kumwamkia Mkwe

Mume wangu ni mtu wa Mpepai na mimi ni mtu wa ziwani. Yeye anaweza kulima ngoro, yale mashimo ya kwao ya kuzuia udongo usishuke bondeni, kwenye mteremko mkali kutwa nzima asiteleze, lakini maji yakimfika magotini anaanza kusali. Mimi naogelea tangu sijajua kuhesabu, ila nikipandishwa mlima nahema kama bata. Tunataniana hivyo tangu uchumba. Yeye husema sisi Wanyasa tunalima kwa macho, nami humjibu kwamba Wamatengo wanaogopa hata maji ya kuoga. Ndoa yetu imejengwa juu ya maneno hayo na bado imesimama.

Kwa hiyo niliposikia shuleni, hapa Mbinga mjini ninakofundisha fizikia, kwamba Mbamba Bay kutakuwa na mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, tena watu wanaruhusiwa kuingia wawili wawili, sikufikiri mara mbili. Mimi nitaogelea, yeye ataendesha, halafu mimi nitamalizia kwa miguu. Niliingia nyumbani nikamtangazia. Yeye alikuwa anaanua kahawa uani. Akaniuliza swali moja tu: "Barabara gani?"

Nikamwambia ni lami ya kutoka Mbamba Bay kuja juu huku Mbinga, kwenda mpaka wanapogeuzia na kurudi. Akaendelea kukusanya kahawa. Nilidhani anawaza milima. Nilikuwa sijui bado, ila alikuwa anawaza kwamba barabara hiyo inapita mbele ya kibanda cha mama yangu.

Hapa lazima nimweleze mama. Alizaliwa Kihagara na amevuta nyavu maisha yake yote. Lami ilipofika Mbamba Bay akahamishia biashara yake barabarani, pale pa tambarare nje kidogo ya mji, akajenga kibanda cha nyasi na chanja ndefu za kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani. Mama anampenda mkwewe. Nalisema mapema msije mkamfikiria vibaya. Ila anampenda kama mgeni. Tukifika, kiti chenye mto ni cha mgeni. Paja la kuku ni la mgeni. Maji ya moto yanachemshwa, maana watu wa milimani wamezoea. Ananiuliza mimi, "Mgeni wako ameshiba?" naye mwenyewe amekaa palepale.

Na siku zote alimsemesha Kiswahili. Kwetu Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya padri na ya wenye maduka. Nyumbani tunasema Kinyasa, na mama akishakasirika hana lugha nyingine. Mume wa mdogo wangu, kijana wa palepale ufukweni, alikuwa akitukanwa kwa Kinyasa asubuhi na jioni: mvivu, kaleta kuni mbichi, kasahau nyavu juani. Mume wangu alikuwa akimtazama kwa wivu mtupu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa amengoja jembe lake tangu tufunge ndoa.

"Mama yako hajawahi kunigombeza hata siku moja," aliniambia wakati fulani, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba.

Nilicheka, ila nilimwonea huruma. Mama yake mwenyewe alifariki angali mdogo.

Basi turudi kwenye baiskeli. Kwake baiskeli ilianza kama punda wa kubebea kahawa kwenda mashineni. Baadaye akajipatia ya mbio, ya mtumba, nyepesi kiasi kwamba naweza kuinyanyua kwa kidole, akaifunga vyuma viwili mbele vya kulalia mikono. Katika mbio za kushindana na saa hakuna kujificha nyuma ya mwenzako. Kila mtu yuko peke yake, na adui yake ni upepo, maana kadiri unavyoongeza kasi ndivyo unavyokukaba. Gurudumu la mbele ndilo linalopiga hodi kwanza kwenye upepo huo. La nyuma limejificha nyuma ya miguu na vyuma. Ndiyo maana mtu mwenye uwezo wa kununua ringi moja tu nzuri anaanza na ya mbele. Hayo nilimfundisha mimi, na nilijivuna sana.

Tukaenda kwa muuza vipuri pale mjini, bwana mmoja ambaye babu zake walitoka pwani, mwenye ulimi laini na dharau kidogo.

"Natafuta ringi ya mbele, ya upepo," mume wangu akasema.

"Ringi zote ni za upepo, bwana. Isiyo ya upepo ni ya toroli. Nikujazie?"

Duka zima likacheka. Mume wangu akaanza kueleza kwamba si upepo wa ndani ya tairi, ni upepo wa nje, ringi yenye kimo kirefu inayoukata. Muuza duka akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo unataka isiyo ya upepo," na duka likacheka upya. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Baada ya muda akatuita. Alikuwa ameletewa kutoka Dar es Salaam ringi mbili za kaboni za mtumba. Akasema tuondoke nazo zote mbili, tuzijaribu, tutakayoikataa tuirudishe bila mkwaruzo.

Ya kwanza ilikuwa na kimo cha kiganja kizima, kuanzia tairi mpaka pale spoku zinapoingia. Spoku zenyewe zilikuwa chache na bapa. Ya pili ilikuwa vidole vitatu tu, nyepesi, ya kawaida kuitazama. Mume wangu aliiita ya kwanza Nene na ya pili Nyembamba. Tulizilaza sebuleni, na watu waliokuja kutusalimu walidhani tumenunua madishi.

Mimi nikasema hakuna kubahatisha. Tukaenda Mbuji, kuna mteremko mmoja ulionyooka, asubuhi pasipo upepo. Yeye anaachia baiskeli kutoka juu bila kukanyaga pedali, mwili umelala vilevile, nguo zilezile. Mimi niko chini, pale inapoishiwa nguvu na kusimama naweka jiwe. Kwanza Nene ilishindwa, nikashangaa, mpaka nilipoona tumeifunga tairi pana kuliko ringi yenyewe, imetuna pembeni kama shavu la mwenye jino. Tairi ikitokeza hivyo upepo unaparaganyika, na kimo chote cha ringi kinakuwa pambo. Tukabadilisha tairi. Tangu hapo jiwe la Nene lilikuwa mbele ya jiwe la Nyembamba kila mara, na si kwa hatua moja. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Mume wangu akasema, "Twende tukaijaribu ziwani."

Tulishuka Jumamosi mchana, siku ambayo mwera, upepo wetu wa kusini, ulikuwa umeamka vibaya. Mimi niliketi kwa mama kwenye kibanda, tunachambua usipa. Tukamwona anakuja kwa mbali amejilaza kwenye baiskeli, kasi ya ajabu, Nene inanguruma. Alikuwa amevaa zile nguo za kubana. Mama akageuza uso upande wa ziwa kwa heshima, maana mkwe akivaa hivyo haangaliwi.

Alipotoka nyuma ya vichaka, upepo ukampiga ubavuni. Gurudumu la nyuma likipigwa hivyo huvumilia, limefungwa kwenye mwili wa baiskeli. La mbele hugeuka, na likigeuka linakwenda na wewe. Niliuona usukani unakata kushoto. Akavuka bega la barabara, akapita kati ya mafungu ya mihogo, akaingia katikati ya chanja za mama. Miti ikavunjika, usipa ukaruka, na mume wangu akabaki amekaa juu ya samaki wa mkwewe, ndani ya nguo za kubana, usipa umemganda hadi masikioni.

Hakuumia. Nilipohakikisha hivyo nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama mama, anangoja. Mali ya wiki nzima ilikuwa mchangani. Mdogo wangu au mumewe angefanya hivyo, kelele zingesikika hadi ng'ambo.

Mama alisema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, huku bado anatazama ziwani, "Pole sana, baba. Si kitu. Mgeni hana kosa."

Akamletea maji ya kunawa, ya moto.

Tukaanza safari ya kurudi Mbinga. Nilijaribu kumtania, nikamwambia sasa kweli umelima kwa macho. Akasema tu, "Angenitukana ningelala usingizi." Akataka kesho yake ashuke kujenga upya chanja, mama akanipigia simu kukataza kabisa: mgeni asisumbuke, wenyewe wapo.

Tukabaki na uamuzi wa ringi. Niliamini kabisa ni Nene. Nikampangia hoja mezani: mashindano ni alfajiri, mwera huamka jua likishapanda, majani yametulia, ziwa limetulia, mawe ya Mbuji hayadanganyi. Sikuficha kwamba nataka kushinda. Nilikuwa nimeogelea kila likizo tangu tujiandikishe, na walimu wenzangu walishaniona nakimbia barabarani kwa kanga iliyofungwa kiunoni. Nilitaka kitu cha kuwaonyesha.

Akanisikiliza vizuri, kama kawaida yake. Asubuhi akaifunga Nene kwenye gunia, akairudisha dukani bila mkwaruzo, maana ilikuwa imeangukia usipa. Akabaki na Nyembamba.

"Upepo," akasema.

"Hakutakuwa na upepo!"

"Huwezi kujua."

Mmatengo akishaamua, hata ng'ombe wa kukodi hawamgeuzi. Nilimnunia siku mbili, kisha nikachoka, maana kununa na mtu anayekuchemshia chai kila asubuhi ni kazi ngumu.

Siku ya mashindano ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa. Hakuna jani lililotikisika. Nilisimama ufukweni na waogeleaji wenzangu, nikalitazama, kisha nikamtazama mume wangu upande wa baiskeli, nikaonyesha angani kwa kidole. Akajifanya hanioni. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonitoa majini wa pili. Nikakimbia hadi kwake, nikamgusa bega kama sheria ilivyotaka, nikamwambia, "Nenda na kiringi chako!" Akaenda.

Nikajifunga kanga, nikangoja. Baiskeli za wenzetu zikaanza kurudi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimjua mume wangu. Kwenye mlima ule angekula nusu ya watu wale. Nikaanza kuogopa. Alipotokea alikuwa wa tano, anakanyaga kwa nguvu zake zote, na uso wake umelowa. Nikadhani ni jasho. Aliposhuka nikaona ni machozi, na chini ya machozi anacheka.

"Kimbia!" akaniambia. "Nitakueleza! Kimbia!"

Akageuka kuegesha baiskeli, na hapo nikaona mgongo wake. Kwenye ile nguo nyeusi ya kubana, katikati kabisa, palikuwa na kiganja cha mtu, vidole vyote vitano, kimechorwa kwa magamba ya usipa yanayong'aa. Kidole kimoja kilikuwa kifupi. Mama yangu alipoteza ncha ya kidole hicho kwenye kamba ya mtumbwi kabla sijazaliwa. Nilianza kukimbia huku nikiwa sielewi chochote, maana kwetu mama hamgusi mkwewe hata kwa kumpa mkono.

Mengine niliyapata baadaye, kwake, kwa mama, na kwa msimamizi aliyekuwa nyuma kwa pikipiki na kuona yote. Wakati wa kwenda kibanda kilikuwa bado kitupu; wakati wa kurudi mume wangu alifika hapo akiwa anaongoza. Anaongoza! Mama alikuwa amesimama kando ya lami. Mkwewe akafunga breki, akashuka, akailaza baiskeli, akachuchumaa mbali kidogo, macho chini, ndani ya nguo zile zile, akasema, "Shikamoo, mama."

Ndivyo alivyolelewa. Huko kwao, kumwamkia mkwe ukiwa juu ya baiskeli ni tusi, na kumpita bila kumwamkia ni tusi kubwa zaidi. Mama kwanza alitazama barabarani. Baiskeli moja ikapita. Ya pili ikapita. Ndipo alipolipuka, kwa Kinyasa, kwa sauti ambayo msimamizi alisema ilimfanya yeye mwenyewe asimamishe pikipiki. Akamwinua kwa mkono, akampandisha, akamsukuma mgongoni kwa kiganja chenye samaki, akamkimbiza kwa mbio za mwanamke wa umri wake mpaka baiskeli ilipochukua kasi, anatukana njia nzima.

Matokeo yalipotangazwa sisi hatukuwamo. Kusukumwa na mtazamaji ni kosa, na msimamizi alikuwa ameeleza kwa uaminifu. Nilikuwa nimekimbia mpaka nikatapika. Nikamfuata mume wangu nyuma ya mahema.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua kwamba utasimama?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia barabara." Akaishika ile ringi yake, akaizungusha kwa kidole. "Nene ikishashika mwendo ni mfalme. Lakini ni nzito. Ukiisimamisha, kuiamsha ni kazi. Hii unashuka, unaamkia, unapanda, inaondoka nawe. Nilipiga hesabu ya ringi ya mtu mwenye mkwe barabarani."

"Na upepo?"

"Ningekuambia ukweli ungenikataza."

Ningemkataza, ndiyo. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa walimu wenzangu walikuwa wanatazama, sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimpenda mno wakati ule, mpaka nikamkasirikia tena.

"Alisema nini?" akaniuliza taratibu. Kinyasa anakielewa nusu, na cha hasira hakielewi kabisa. "Mama. Pale. Alisema nini?"

Nilikuwa nimeshasimuliwa na mama mwenyewe kwa simu, neno kwa neno, bado akiwa hajapoa. Nikamtafsiria. Kwamba yeye ni mpumbavu aliyezaliwa na kulelewa kwenye baridi hadi ubongo ukaganda. Kwamba shikamoo haiozi, angeileta jioni. Kwamba binti yake anangoja na miguu mitupu huku yeye anachutama barabarani kama chura. Mengine nilimfupishia.

Alisikiliza yote kwa makini, kichwa kimeinama, kama mtu anayesomewa wasifu wake kanisani.

"Chura," akarudia.

"Chura."

Jioni tulikuwa kwa mama. Kiti chenye mto kilikuwa mahali pake, na mume wangu akakaa, maana ndiyo desturi. Tulikuwa tunangoja chakula. Chanja zile alizozivunja zilikuwa bado zimelala kando ya kibanda, hakuna mtu aliyezigusa. Wale wenyewe walioahidiwa hawakuwa wamejitokeza. Mama akatoka jikoni, panga mkononi, akaziangalia. Kisha akaanza kupiga kelele kwa Kinyasa, bila kumtazama mtu: kwamba samaki wake wanaoza, kwamba miti iko pale kwenye kichuguu haitajikata yenyewe, kwamba kuna watu wanaijua sana njia ya mezani.

Mume wangu aliinamisha macho kwa adabu, akijua kwamba ugomvi wa wenye nyumba mgeni hausikilizi. Mama akalitupa panga karibu na miguu yake, akarudi jikoni.

Yeye akalitazama, akanitazama mimi.

"Inuka," nikamwambia. "Ni wewe unayeitwa."